Udongo Mweusi wa Rungwe na Njaa ya Mimea

Mwaka 1879 Joseph Thomson, Mskoti kijana wa miaka 21 tu, alishuka kutoka nyanda za juu na msafara wake, akaingia nchi ya Wanyakyusa upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Aliona migomba imezunguka kila mji, nyumba safi zilizojengwa kwa mianzi, nyua zilizofagiliwa, na ng'ombe wengi, naye aliisifu nchi hii kuliko karibu nchi zote alizopita. Mwaka 1891 wakaja wamisionari wa Kidachi: Wamoravian wakiongozwa na Theodor Meyer, waliojenga Rungwe, na wale wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky. Nao pia waliona neema ile ile. Hata leo mgeni akifika Tukuyu, mji ambao Wadachi waliuita Neu-Langenburg, akatazama majani mabichi mwaka mzima na udongo mweusi laini unaokatika kama unga, hudhani kwamba hapa hata mpini wa jembe ukichomekwa utachipuka.

Walakini sisi tukaao Mpuguso na vijiji vya jirani twajua neno jingine. Twajua mashamba ambayo udongo wake ni mweusi vile vile, mvua haikukosa, mbegu ilikuwa njema, na mahindi yakasimama manjano, mafupi kama mtoto asiyeshiba. Jirani yake, hatua thelathini tu mbali, amevuna. Bibi Monica Wilson na mumewe Godfrey Wilson, waliokaa kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938, waliandika jinsi wazee walivyoeleza misiba mingi kwa uchawi wa jirani au kwa ile waliyoiita pumzi ya watu, yaani hasira ya wanakijiji juu ya mkosaji. Sina haja ya kuwacheka wazee hao. Aliyeona mashamba mawili yenye udongo mmoja na mvua moja, hili likishiba na lile likilala njaa, alikuwa na haki ya kuuliza sababu. Mimi nataka kuitafuta sababu hiyo mahali pengine, yaani katika mizizi.

Kwanza yafaa tujue udongo wetu umetoka wapi. Milima ya Rungwe, Ngozi na Kiejo ni milima ya moto. Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu kuu yapata miaka 4,000 iliyopita, ukamwaga mawe mepesi na majivu juu ya nchi pana. Kiejo ulitoa mto wa mawe yaliyoyeyuka karibu na mwaka 1800, wakati wa mababu wa babu zetu. Majivu ya milima hiyo ndiyo baba wa udongo wetu. Yalipolowa mvua miaka elfu kwa elfu yalioza upesi, yakawa vumbi laini mno, jeusi kwa sababu ya majani mengi yaliyooza ndani yake. Wajapani, ambao nchi yao nayo ni ya milima ya moto, huuita udongo wa namna hii kwa neno lenye maana ya udongo mweusi, na wataalamu wa dunia nzima wamechukua jina hilo wakauita andosoli.

Sasa, mmea hauli udongo wenyewe. Hula chumvi chache zilizoyeyuka katika maji yaliyomo udongoni: naitrojeni ya kutengeneza majani, fosforasi ya mizizi na mbegu, potasi, chokaa, na nyingine zinazotakiwa kidogo sana. Mwaka 1840 Justus von Liebig wa Ujerumani alitoa kitabu kilichowafundisha wakulima wa Ulaya jambo hili, na tena kwamba chumvi ile iliyo pungufu kuliko zote ndiyo itakayopima mavuno, hata nyingine zikiwa tele. Mafundisho hayo yalifaa sana. Lakini yaliwafanya watu wengi wadhani kwamba shamba ni kama ghala: pima kilichomo, ongeza kilichopungua, basi. Haikuwa hivyo. Mwaka 1936 Dennis Hoagland na mwenzake Broyer, katika chuo kikuu cha California huko Marekani, walieleza majaribio yao ya mizizi ya shayiri. Waliitia katika maji yenye chumvi. Mizizi iliyopulizwa hewa ilivuta chumvi nyingi, ikazilimbikiza ndani yake kupita kiasi kilichokuwamo majini. Mizizi iliyonyimwa hewa ilikaa katika maji yale yale, yenye chakula kile kile, wala haikulimbikiza ila kidogo sana.

Maana yake ni nini? Ni kwamba kula kwa mmea ni kazi. Mzizi hufanya kazi hiyo kwa nguvu apatayo kwa kuunguza sukari iliyoshuka kutoka majanini, nao hauwezi kuiunguza pasipo hewa, kama vile moto wa jikoni usivyowaka katika chungu kilichofunikwa. Mmea uliopatwa na dhiki, iwe ya maji mengi, ya ukame, ya baridi au ya uchachu wa udongo, waweza kufa njaa huku chakula kimeuzunguka. Ni kama mgonjwa aliyewekewa sahani ya wali kando ya kitanda.

Katika dhiki hizo, ya kwanza kwetu ni mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na yapo maeneo yanayozidi hapo. Ni kati ya sehemu za Tanzania zinazonyeshewa kuliko nyingine. Mvua hiyo hufanya mambo mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni kuosha. Naitrojeni, potasi na chokaa huyeyuka zikashuka chini kupita mwisho wa mizizi, kisha zikaenda zake hata Kiwira na Mbaka, na mwisho Ziwa Nyasa. La pili ni kuzamisha. Katika bonde au mahali palipokanyagwa na ng'ombe, maji hujaza vitundu vyote vya udongo, hewa ikatoka, mizizi ikakosa pumzi. Hapo mahindi hugeuka manjano kuanzia majani ya chini. Mwenye shamba asiyejua hukimbilia kutia mbolea zaidi, akaitia katika shimo ambalo mmea hauwezi kuitumia. Lililotakiwa pale ni mfereji.

Hapa ndipo ninapopenda kuwasifu wazee, wala si kwa upendeleo. Tangu zamani kilimo cha Wanyakyusa kilikuwa cha matuta makubwa. Wanaume na vijana walipindua nyasi kwa jembe, wakazifunika chini ya udongo, wakafanya tuta. Nyasi zikaoza ndani, kisha wakapanda maharage, ulezi na mazao mengine kwa zamu, na shamba lilipochoka wakaliacha lipumzike. Tuta liliinua mizizi juu ya maji ipate hewa. Nyasi zilizooza zilishika zile chumvi ambazo mvua ilitaka kuzichukua, zikazitoa kidogo kidogo kadiri mmea ulivyokua. Karibu na nyumba palikuwa na migomba, na kwa kuwa ng'ombe walilala ndani ya nyumba pamoja na watu, samadi ilitolewa kila asubuhi ikamwagwa migombani, pamoja na takataka na majivu ya jikoni. Hawakuwa na neno fosforasi wala potasi. Lakini mgomba ni mlaji mkubwa wa potasi, na majivu yana potasi nyingi. Tena majivu hupunguza uchachu wa udongo. Mtu aliyebuni kazi hiyo kwa kutazama tu, kizazi kwa kizazi, alikuwa mwalimu aliyefuzu.

Na huo uchachu ndio dhiki ya pili, nami nadhani ndio mkubwa kuliko zote katika wilaya yetu, kwa sababu hauonekani. Chokaa na ndugu zake zikisha kuoshwa na mvua, udongo hubaki mchachu. Udongo ukiwa mchachu sana, alumini iliyofungwa ndani ya chembe za udongo huyeyuka ikatoka. Alumini hii ni sumu ya mizizi. Mwaka 1918 Hartwell na Pember, wataalamu wa Rhode Island huko Marekani, walionyesha jambo hili kwa shayiri na nafaka yake jamaa iitwayo rai: mimea hiyo miwili ilidhurika sawasawa na uchachu peke yake, lakini shayiri iliumizwa zaidi alumini ilipokuwamo. Basi si uchachu pekee uuao. Ncha ya mzizi, ambayo ndiyo iendayo mbele kutafuta chakula, huguswa na alumini ikaacha kurefuka. Mzizi ukawa mfupi, mnene, usio na vinyweleo. Mmea wenye mizizi ya namna hiyo haufiki penye chakula, wala haufiki penye maji, hata jua likiwaka siku kumi tu hunyauka, na watu wakasema ni ukame.

Katika udongo wa majivu ya milima ya moto yako na matata mengine juu ya hayo. Zile chembe laini zenye alumini na chuma hushika fosforasi kwa nguvu, kama sumaku ishikavyo sindano. Mkulima hununua mfuko wa mbolea ya fosforasi, huumwaga shambani kote kwa mkono, na baada ya muda mchache sehemu kubwa imekwisha fungwa isipatikane tena kwa urahisi. Haikuibwa, haikuoshwa; imo shambani mwake, nayo imefungiwa. Na baridi ya miezi ya Juni na Julai huongeza taabu, maana mzizi katika udongo wa baridi hukua polepole, nayo fosforasi haitembei kuufuata mzizi; ni mzizi utakaoifuata. Jani la mahindi machanga lililogeuka rangi ya zambarau pembeni ndiyo barua yake ya kuomba fosforasi.

Samadi na majani yaliyooza husaidia hapa kwa njia ambayo mbolea ya mfuko haiwezi. Vitu hivyo hukamata alumini vikaizuia isidhuru, tena hukaa juu ya zile chembe mahali ambapo fosforasi ingefungwa. Na katika udongo wenye majani mengi huishi nyuzi za ukungu, nyembamba kuliko unywele, zinazoshikamana na mizizi na kuiletea fosforasi kutoka mbali kidogo. Mmea huzilipa kwa sukari. Biashara hii ni ya kale kuliko kilimo chenyewe.

Mtu atauliza: kama wazee walikuwa na dawa, mbona imepotea? Haikupotea siku moja. Katika miaka ya 1920 dhahabu ilipatikana Lupa, upande wa Chunya, na wanaume wengi wa Rungwe wakaenda huko kutafuta fedha ya kodi na ya nguo. Wengine wakaenda mbali zaidi, hata migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na dhahabu ya Afrika ya Kusini. Kulima matuta kulikuwa kazi ya wanaume. Mama aliyebaki na watoto hakuweza kupindua nyasi kwa kina kile kile, basi tuta likawa dogo na nyasi zikachomwa badala ya kufukiwa. Kahawa nayo ilienea wakati wa Waingereza, ikachukua mahali pa malisho. Watu wakaongezeka, wala hilo si kosa, na shamba lililokuwa likipumzishwa likaacha kupumzishwa. Ng'ombe wakapungua, samadi ikapungua pamoja nao. Wengi wa watu wetu walihama kwenda Usangu na Mbozi kutafuta ardhi, na baadhi yao waliacha nyuma mashamba ambayo, kwa maoni yangu, hayakuwa matupu. Yalikuwa yamefungwa tu.

Kisha ikaja mbolea ya chumvichumvi. Kiwanda cha Tanga kilianza kuitengeneza mwaka 1972, na mikoa ya kusini ikaitumia sana kwa mahindi. Mavuno yalipanda, na mwenye haki hatakana. Lakini mbolea moja iliyopendwa, salfeti ya amonia, ina tabia ya kuongeza uchachu wa udongo kila itumiwapo. Katika nchi yenye chokaa tele haina madhara makubwa. Katika nchi iliyokwisha oshwa na mvua ni kama kumtilia ndimu mtu mwenye vidonda vya tumbo. Shamba lilizaa miaka michache, likarudi nyuma, na mkulima akaambiwa aongeze mfuko.

Chai ni jambo jingine kabisa. Ilipandwa kwa mara ya kwanza katika nchi yetu mwaka 1904, huko Amani na hapa Kyimbila karibu na Tukuyu, nayo imekubali kama mwenyeji. Mchai hupenda udongo mchachu. Alumini iuayo mizizi ya maharage, mchai huinywa, huipandisha, na kuiweka katika majani yake makuukuu bila kudhurika. Viazi mviringo vya Isongole navyo huvumilia uchachu kuliko shayiri au maharage. Kwa hiyo asemaye kwamba udongo wa Rungwe ni mbaya, au ni mzuri, hajasema neno bado. Yampasa kwanza aseme ni kwa mmea gani.

Tena tushuke mpaka Kyela, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya hii ya Rungwe. Huko mito yetu hutua mzigo wake wa udongo, na watu hulima mpunga katika maji. Nilisema kwamba maji yakijaa mizizi hukosa hewa. Mbona mpunga haufi? Kwa sababu Muumba ameutilia mirija ndani ya shina, ishushayo hewa kutoka majanini mpaka mizizini. Na ajabu ya pili ni hii: udongo mchachu ukizama majini majuma kadhaa, uchachu wake hupungua, alumini hutulia, na chuma kilichoshika fosforasi hubadilika tabia kikaiachilia. Fosforasi ile ile iliyofungwa kilimani, kule bondeni hufunguliwa. Mahindi katika maji hufa njaa. Mpunga katika maji hayo hayo hushiba.

Wasomaji wa nchi kavu wasidhani kwamba maneno haya ni ya watu wa mvua tu. Chumvi za udongo husafiri majini, na maji yakiisha safari imekwisha, hata chumvi ziwe nyingi. Huko Kongwa, Serikali ya Uingereza ilianza mwaka 1947 mradi mkubwa wa karanga, uliokusudiwa kufikia ekari zaidi ya milioni tatu katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, nyingi kati ya hizo zikiwa Tanganyika. Wataalamu waliotumwa mwaka 1946 walikagua nchi kwa majuma tisa hivi, sehemu kubwa kwa eropleni. Hawakutosheka kuuliza wenyeji mvua hufanyaje. Kiangazi kilipofika udongo uligeuka mgumu kama saruji, majembe ya trekta yakavunjika, mvua ikawa haba, na mwanzoni mwa mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya mamilioni ya paundi kupotea. Karanga ina tabia ya pekee: ganda lake huvuta chokaa lenyewe kutoka udongo unaolizunguka, si kwa njia ya mizizi, hivyo udongo wa juu ukikauka ganda hubaki tupu ingawa mizizi imefika penye unyevu. Mgogo mwenye jembe la mkono huilima karanga katika kishamba, akingojea mvua.

Kwetu shida si kungojea mvua, ila kupambana nayo. Chokaa ya kilimo husaidia, lakini ni mzigo mzito na shamba la mlimani halifikiwi na gari. Lipo pia jiwe la fosforasi la Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ambalo husagwa likawa mbolea. Jiwe hilo halipendi udongo mtamu. Katika udongo usio mchachu hukaa kama lilivyo. Lakini katika udongo mchachu kama wetu, uchachu wenyewe huliyeyusha polepole, likatoa fosforasi na chokaa kidogo pamoja. Mbolea ya fosforasi iyeyukayo upesi yafaa kuwekwa kidogo katika kila shimo, karibu na mbegu, pamoja na kiganja cha samadi iliyooza, wala si kumwagwa shambani kote, maana kadiri inavyogusa udongo mwingi ndivyo inavyofungwa zaidi.

Na mtu akitaka kujua shamba lake lina dhiki gani kabla ya kutoa fedha, achukue jembe akang'oe mche mmoja mgonjwa kwa uangalifu, auoshe mizizi katika ndoo ya maji, kisha afanye vivyo hivyo kwa mche wa jirani aliyevuna. Mizizi mirefu, myeupe, yenye vinyweleo vingi, ni ya mmea unaokula vizuri. Ukiwa manjano juu ya mizizi ya namna hiyo, yamkini wataka naitrojeni. Mizizi mifupi, minene, yenye ncha za kahawia, kama vidole vilivyokatika, yaonyesha uchachu na alumini. Mizizi myeusi yenye harufu ya kinamasi imekosa hewa. Hapo mbolea isubiri, mfereji uchimbwe kwanza.